Hati Ni Halali, Lakini Je, Yakuruhusu Kujenga?

Mtu wa Pwani akitaka kununua ardhi siku hizi huuliza maswali mazuri. Hati ipo? Jina lililoandikwa ndilo la huyu anayeuza? Kuna kesi? Kuna deni la benki? Machungu ndiyo yaliyotufunza kuuliza hivyo, maana watu waliouziwa ploti moja watatu kwa mpigo tunawajua. Lakini liko swali ambalo wengi hatuliulizi mpaka lori la mawe limeshamwaga: hati hii yaniruhusu kufanya nini?

Hati yaweza kuwa ya kweli, muuzaji akawa ndiye mwenyewe, benki ikawa haidai hata shilingi, na bado mnunuzi akajikuta amefungwa mikono. Kinachomfunga ni masharti ya kuzuia. Haya ni ahadi zilizoandikwa kwenye hati, kwenye lizi au kwenye mkataba uliosajiliwa, zikisema ardhi hii isitumiwe kwa jambo fulani. Isijengwe zaidi ya nyumba moja. Isifanyiwe biashara. Isikatwe vipande. Isiuzwe bila idhini ya fulani. Ugumu wake kwa mnunuzi ni kwamba sharti halimfuati mtu aliyelikubali, lafuata ardhi. Aliyeweka ahadi huenda alishafariki miaka 40 iliyopita, na wewe uliyenunua juzi ndiwe unayetakiwa kuitimiza.

Tuseme dada mmoja amefanya kazi Ghuba miaka kumi na moja, akajinyima, akarudi na pesa za kununua ploti upande wa Mainland North. Nia yake ni kujenga ghorofa ya nyumba nane za kupangisha, apate cha kumtunza mamake na yeye asirudi tena ugenini. Dalali amemtajia bei ya ploti ya kujengea fleti, na amelipa bei hiyo. Kumbe kwenye masharti ya lizi imeandikwa kwamba ardhi ni ya nyumba moja tu ya makao ya familia moja. Hakuna aliyemwibia kwa maana ya polisi. Hati anayo, jina ni lake. Ila amelipa bei ya nyumba nane kwa ardhi inayoruhusu moja, na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo miaka yake ya ugenini.

Asili ya jambo hili ni Uingereza. Mwaka 1808 mtu aitwaye Tulk aliuza bustani iliyo katikati ya Leicester Square, London, kwa ahadi kwamba mnunuzi na watakaomfuata wataiacha iwe bustani. Ardhi ikapita mikono kadhaa hadi kwa Moxhay, ambaye alitaka kujenga huku akijua fika habari ya ile ahadi. Mwaka 1848 korti ilimzuia. Hoja yake yaeleweka hata kwa muuza samaki: mtu aliyenunua ardhi akijua ina sharti, na pengine akaipata kwa bei nafuu kwa sababu hiyo, haiwi haki aigeuze kana kwamba sharti halikuwapo. Sheria ya Kenya inayoeleza korti zetu zifuate nini ilipokea misingi hiyo ya haki ya Kiingereza, pamoja na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri zinavyolingana na hali ya nchi. Kwa njia hiyo ahadi ya bustani ya London ikawa na uzito hadi Kisauni.

Na Mombasa yenyewe ina kisa chake, tena kichungu. Serikali ya kikoloni ilitangaza mnada wa ploti za mji hapa Mombasa kwa sharti kwamba Wazungu pekee ndio wataonunua, na kwamba nyumba zitakazojengwa zisikaliwe na Mwasia wala Mwafrika isipokuwa awe mtumishi wa nyumbani. Abdulhusein Kaderbhai, mkazi wa mji huu, alikwenda kortini kupinga. Kesi ikafika hadi Privy Council huko London, ambayo ndiyo iliyokuwa korti ya mwisho ya makoloni, na mwaka 1931 ikaamuliwa kwamba mkuu wa ardhi alikuwa na mamlaka ya kuweka masharti hayo. Leo sharti la namna hiyo haliwezi kusimama mbele ya Kifungu cha 27 cha Katiba kinachokataza ubaguzi. Lakini ukitaka kujua kwa nini baadhi ya mitaa ya mji ina bustani na nyumba zilizoachana mbali, na mingine watu wamebanana ukuta kwa ukuta, anza kwa masharti ya hati. Sura ya mji wetu ilichorwa na maandishi hayo kabla mwashi hajashika mwiko.

Tuje kwenye hati za leo. Wengi wetu tukishika hati twatazama jina, namba na ukubwa. Kama ardhi ni ya lizi kutoka kwa serikali, yanayokuhusu zaidi yako kwenye kurasa za ndani, zenye masharti maalumu. Maneno yake hufanana tangu zamani: usijenge wala kubadilisha jengo ila kwa michoro iliyoidhinishwa, peleka michoro ndani ya miezi sita na ukamilishe ujenzi ndani ya miezi 24, jengo lisifunike zaidi ya kiasi fulani cha ardhi, mara nyingi nusu, ardhi itumike kwa makao tu, au kwa hoteli tu, au kwa godauni tu, usiuze, usikatekate wala kuiweka rehani bila idhini ya maandishi. Lizi za zamani zitakutajia Kamishna wa Ardhi. Cheo hicho hakipo tena, ila usidhani sharti lilikwenda naye. Mamlaka yalihamia kwingine baada ya Katiba ya 2010 na sheria za ardhi za 2012.

Hilo la miezi 24 huwapita watu sana. Unaoneshwa ploti tupu, nzuri, imezungushiwa waya, muuzaji akijisifu kwamba haijawahi kuguswa tangu alipopewa. Kama lizi ilimtaka ajenge ndani ya miaka miwili naye hakuweka hata jiwe, anakuuzia ardhi yenye kosa tayari. Serikali ikiwa mwenye ardhi haiwezi kuichukua hivi hivi, yatakiwa kwanza itoe notisi na kukupa nafasi ya kurekebisha. Lakini notisi hiyo ikija itakukuta wewe.

Aina nyingine ni masharti kati ya watu binafsi. Mwenye shamba kubwa amelikata vipande, akauza kimoja kimoja, na kila mnunuzi akatia saini kwamba hatafungua baa, hatapandisha ghorofa zaidi ya moja, hataziba upepo wa jirani. Ardhi nyingi za ukanda wetu zilipata hati za umiliki wa kudumu kupitia sheria ya 1908 iliyoweka msajili maalumu wa kupokea madai ya ardhi za Pwani. Hati hizo, kwa kuwa si lizi, hazina mashartimasharti ya serikali, na ndiyo maana watu huzipenda. Mtu akisikia umiliki wa kudumu hudhani amenunua mpaka mbingu. Kumbe huenda katika miaka ya hamsini au sitini mmoja wa wamiliki aliahidiana na jirani, wakasajili, na karatasi hiyo ingali mle kwenye faili.

Ndipo suala la upekuzi linapokuja, ambao mitaani twauita sachi. Rejista ya ardhi imegawika sehemu tatu. Ya kwanza yaeleza ardhi yenyewe na haki zinazoambatana nayo, ya pili yaeleza mwenyewe, na ya tatu yaeleza mizigo, yaani madeni, lizi na mikataba ya kuzuia. Chini ya sheria ya zamani ya ardhi zilizosajiliwa, ile ya mwaka 1963, mkataba wa kuzuia haukumfunga mnunuzi mpya mpaka uwe umeandikwa kwenye ile sehemu ya mizigo. Sheria ya usajili ya 2012 nayo yasema mwenye hati analindwa, lakini analindwa pamoja na mizigo, vizuizi na masharti yaliyoandikwa. Ulinzi na mzigo huja katika karatasi moja.

Matokeo ya upekuzi ni muhtasari tu. Yatakuambia kuna mkataba namba fulani wa mwaka fulani, basi. Hayatakusomea ndani yake mna nini. Mnunuzi aliye makini humwambia wakili wake atoe nakala iliyothibitishwa ya hati nzima, ya lizi na ya kila mkataba uliotajwa, kisha akae naye amfasirie mstari kwa mstari kwa lugha anayoielewa. Kiingereza cha hati za zamani ni kizito hata kwa waliosoma, na hakuna aibu kusema sikuelewa, rudia.

Kwetu kuna jambo jingine la kuangalia. Ardhi nyingi za Mombasa na Kilifi zina hati zenye namba ya CR, yaani rejista ya Pwani, chini ya sheria zilizofutwa mwaka 2012. Hati hizo zinahamishiwa kwenye mfumo mpya, zinapata namba mpya na karatasi mpya, na upekuzi wenyewe unaingia mtandaoni kidogo kidogo. Kubadilika kwa namba hakufuti haki wala mzigo uliokuwapo. Kwa hiyo ukiuziwa ardhi yenye hati mpya inayong'aa, omba namba yake ya zamani, na faili la zamani lifunguliwe. Karatasi mpya yaweza kuwa fupi kuliko historia ya ardhi.

Sasa tuseme umeshanunua na sharti lipo. Wengi husema, nitakwenda kaunti nipitishe michoro, wakikubali yamekwisha. La. Idhini ya kaunti na sharti la kwenye hati ni milango miwili tofauti, na kila mmoja una ufunguo wake. Kaunti yaweza kupitisha ghorofa yako kwa sheria ya mipango ya 2019, na jirani mwenye haki chini ya mkataba wa kuzuia akaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, akapewa amri ya kusimamisha ujenzi siku mbili baada ya kumwaga zege. Jirani naye aweza kukunyamazia kabisa, akakupenda na kukuletea futari, lakini benki ikisoma hati yako ikakataa kukukopesha kwa sababu jengo ulilolileta kama dhamana limevunja masharti. Na siku utakapotaka kuuza, wakili wa mnunuzi wako atakuwa amesoma makala kama hii.

Masharti hayadumu milele, yaweza kulegezwa. Kwa ardhi ya lizi kuna ombi la kubadilisha matumizi: unapitia kwa mpangaji mji aliyesajiliwa, ombi linatangazwa ili mwenye pingamizi aseme, kaunti inaamua, kisha lizi yenyewe hurekebishwa kwenye ofisi za ardhi. Kuna ada, kuna muda, na kodi ya ardhi yaweza kupanda kwa kuwa matumizi yamepanda thamani. Kwa masharti ya watu binafsi, njia iliyo nyepesi ni wote wanaofaidika nayo kukubali kwa maandishi yaliabishwe, na neno lenyewe ni wote: akikosekana mmoja aliyeko Muscat asiyepokea simu, kazi imelala. Njia nyingine ni korti, ambayo yaweza kulipunguza au kuliondoa sharti lililopitwa na wakati. Mtaa uliokuwa wa nyumba moja moja ukiwa sasa ni maduka na fleti pande zote, hoja yako ina nguvu. Mtaa ukiwa bado umetulia na wewe ndiwe wa kwanza kutaka kuuvuruga, usitarajie huruma. Binafsi naona hapo korti huwa na haki. Waliokutangulia walilipia utulivu ule.

Mitaa mipya yenye geti na askari, kuanzia Mtwapa hadi Diani, ina utaratibu wake. Hapo mara nyingi mnunuzi hupewa lizi ndefu pamoja na hisa katika kampuni inayosimamia mtaa. Mpango huo una sababu ya kisheria. Ahadi ya kutofanya jambo hufuata ardhi kwa urahisi, lakini ahadi ya kutoa pesa, kama ya kulipia taa, maji na ulinzi kila mwezi, haimfuati mnunuzi wa pili vivyo hivyo. Kwa hiyo waanzilishi hukufunga kwa lizi na kwa hisa. Kwa fleti, Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 humpa kila mwenye nyumba hati yake, na wenye nyumba wote kwa pamoja huwa shirika lenye kanuni zinazowabana wote. Soma kanuni hizo kabla ya kuvutiwa na bwawa la kuogelea. Je, waweza kufuga kuku? Waweza kupangisha kwa wageni wa siku mbili tatu? Waweza kuweka hema la harusi ya binti yako, au kusomesha maulidi kwa kipaza sauti, au kupokea matanga ya siku tatu watu wakiingia na kutoka? Kwa familia ya Kiswahili haya si mambo madogo. Nyumba isiyoruhusu harusi wala msiba hiyo ni hoteli yenye jina lako mlangoni.

Ziko pia amri ambazo hutaziona kwenye hati hata ukiisoma kwa miwani miwili. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 yahusu majengo kama yale. Ununuapo nyumba ya mawe kule, kimo, madirisha, milango na hata aina ya chokaa vina watu wa kuulizwa kwanza. Sheria ya usajili nayo yatambua haki ambazo hazikuandikwa na bado zakufunga, zikiwemo amana za kimila, na njia na haki za maji zilizokuwapo ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza. Njia ya wavuvi ya kwenda pwani inayokatiza ploti yako huenda ni moja ya hizo. Usiizibe kwa ukuta halafu ushangae kijiji kizima kuja na mawakili. Nenda kaione ardhi asubuhi na jioni, uone nani anapita, na uwaulize wazee kuna makaburi wapi.

Wakfu nao. Ardhi au nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi, haipewi mtu zawadi wala hairithiwi, awe aliyewekewa ni msikiti, ni maskini au ni kizazi cha mwenye kuiweka. Sharti hilo ni zito kuliko yote yaliyotajwa hapa, na kuna nyumba za Mji wa Kale ambazo wajukuu wamezikaa muda mrefu hadi wakasahau kwamba babu hakuwaachia urithi, aliwaachia wakfu. Ukisikia neno hilo likinong'onwa na jirani, simamisha kila kitu, uende ofisi ya Tume ya Wakfu, Mombasa, uulize.

Kwa ndugu zetu walioko Oman, Ulaya au Marekani: aliyekwisha kuacha uraia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi hapa ila kwa lizi isiyozidi miaka 99, hata kama hati ya babake ilikuwa ya kudumu. Hiyo ni Katiba, Kifungu cha 65. Na shamba, hata liwe limezungukwa na fleti, likiwa bado limeandikwa kuwa la kilimo mauzo yake yahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mkataba wafa.

Nimeacha mkataba wa mauzo mwisho kwa kuwa ndipo pesa zinapotoka mfukoni. Karibu kila mkataba unaoandikwa na mawakili hapa una kifungu kinachosema kwamba mali inauzwa pamoja na masharti, haki na vizuizi vyote vilivyomo kwenye hati. Ni mstari mmoja, umekaa kimya kati ya mingine, na ukishatia saini umekiri kwamba uliyajua yote. Baada ya hapo kusema dalali hakuniambia hakusaidii kitu, huo ndio mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo kifungu hicho kijibiwe kabla ya saini. Kama nia yako ni fleti, iandikwe kwamba unanunua kwa ajili ya fleti, kwamba muuzaji athibitisha hakuna sharti linalozuia, na kwamba likipatikana utarudishiwa amana yako yote. Ile asilimia 10 ya kwanza ikae kwa wakili kama amana, isimfikie muuzaji mpaka mambo yakamilike. Kama sharti lipo na lahitaji kubadilishwa, basi muuzaji alibadilishe kwa gharama zake kabla ya kumaliziwa malipo, au bei ishuke kwa kiasi cha kazi utakayorithi. Siku 90 za kawaida za kukamilisha mauzo hazitoshi kubadilisha matumizi ya ardhi, kwa hiyo muda huo nao uandikwe upya. Muuzaji akikataa kuandika lolote katika haya, akisema tu ndugu yangu niamini, mwambie waamini, na umuombe nakala ya lizi.